Nchi ya Mraba na Wingu Lisilohama

Msomaji anayetaka kujua nilipanda gari gani na nililala wapi njiani hatayapata hayo hapa. Njia ya kwenda Mraba inachosha kama njia nyingine zote za milimani, na hakuna jambo lililotokea humo linalostahili wino. Naanzia mpakani, kwa sababu mpaka wenyewe ndio ulionionyesha nimefika nchi ya namna gani.

Ulikuwa mstari mnyoofu. Ulipita katikati ya shamba la mahindi, ukapanda jabali, ukakata jiko la nyumba moja ukaliacha nusu, kisha ukaendelea. Watu wa milimani hugawana ardhi kwa mito na migongo ya vilima, kwa hiyo nilimuuliza mlinzi ni mtawala gani aliyechora mpaka wa aina hiyo. Alinijibu kwa upole kwamba haukuchorwa na mtawala. Ulikuwa ukingo wa karatasi.

Mimi ni mpima ardhi. Baraza la Mraba lilikuwa limenialika nije niithibitishe ramani yao. Kila kizazi humwita mpima mmoja kutoka nje, humlisha vizuri, humtembeza, kisha humwomba aweke saini chini ya sentensi moja: "Ramani na nchi vinakubaliana." Wapima wote walionitangulia walikuwa wamesaini, na sikuona sababu ya mimi kuwa tofauti nao.

Ramani hiyo hutunzwa katika jengo la mawe liitwalo Nyumba ya Ramani, chini ya kioo, mbali na jua. Ni kazi nzuri. Nasema hivyo kama mtu wa fani. Ilipigwa chapa zamani kwa rangi nne: kontua za kahawia zinazoonyesha mwinuko wa ardhi, mito ya buluu, msitu wa kijani, na nyumba zimeonyeshwa kwa miraba midogo myeusi. Wapima walioitengeneza walikuja enzi za mababu, wakapiga picha kutoka kwenye ndege, wakapanda vilele vichache kuhakikisha urefu wake, wakaondoka. Upande wa kaskazini, kontua zinakatika ghafla na kuacha doa jeupe lenye kingo zisizo sawa. Katikati ya doa hilo limeandikwa neno moja: Mawingu.

Maana yake haina siri. Siku ndege ilipopita, mteremko ule ulikuwa umefunikwa na wingu, na picha hazikuonyesha kitu. Wachoraji hawakutaka kubahatisha. Waliacha pengo, wakaandika sababu yake. Mimi ningefanya vivyo hivyo, na sikujua kwamba uaminifu wao ungekuja kufanyiwa kitu kama nilichokikuta.

Mraba haina katiba nyingine zaidi ya Ramani. Kile kisanduku cha pembeni kinachoeleza alama, wao hukiita Ufunguo, na kitu kisicho na alama katika Ufunguo hakitambuliwi na sheria. Hakuna alama ya shule, kwa hiyo watoto husomea katika jengo lililosajiliwa kama kisima. Zahanati imesajiliwa kama mti wa pekee, na mganga wake huapishwa kwamba hatahama. Nilipougua tumbo nilielekezwa kwenye mti huo, nikatibiwa vizuri.

Mahali pengine, ramani ikipishana na ardhi, ramani husahihishwa. Mraba huisahihisha ardhi. Kazi hiyo huitwa Usahihisho na ndiyo inayoajiri watu wengi kuliko kazi nyingine yoyote. Kilima kikimomonyoka, watu hubeba udongo kwa vikapu mpaka kirudi kwenye kontua yake. Kuna njia ya miguu iliyochorwa kwenye Ramani ambayo haina tena mtu wa kuipita, kwa sababu kijiji ilikokuwa ikienda kilihama. Wanaume wawili wameajiriwa kuipita asubuhi na jioni ili nyasi zisiote. Niliwaona wakipishana katikati yake, wakasalimiana kama majirani.

Nilipofika, kazi kubwa ilikuwa ya mto. Kwenye Ramani, Mto Yongo unashuka kutoka kwenye doa jeupe, unapita bondeni na kutokea ukingo wa kusini. Kwenye ardhi, ulikuwa umekauka tangu mvua za masika zilipoanza. Mto kukauka wakati wa mvua ni jambo la kushtua, lakini hakuna aliyeuliza kwa nini. Kikosi cha wanaume wenye madebe kiliteka maji kwenye chemchemi za pembeni na kuyamimina mtoni juu ya mji. Maji yalitiririka kidogo, yakazama mchangani kabla ya kufika darajani, na hapo kikosi kingine kikaanza upya.

Mkuu wa kazi hiyo alikuwa kijana mwenye mabega mapana aitwaye Kanyika. Nilimuuliza maji ya mto yamekwenda wapi.

"Hayajaenda popote. Yapo."

"Yapo wapi?"

"Kwenye Ramani." Hakutabasamu. Alinyanyua debe lake. "Na hapa pia, Mungu akijalia, mpaka saa kumi tutakapofunga kazi."

Kuhusu doa jeupe, sheria ni fupi: Ramani inasema kuna wingu, kwa hiyo wingu lipo. Eneo lenyewe huitwa Wingu, na watu wanaishi humo. Wamekuwa humo kabla ya Ramani. Lakini mtu aliye ndani ya wingu haonekani, na asiyeonekana hawezi kuhesabiwa, kuoa kwa cheti, wala kushitaki. Akishuka mjini lazima abebe taa iliyowashwa, hata saa sita mchana, kwa usalama wake. Hawezi kutoa ushahidi wa jambo lolote lililotokea kwake, kwa kuwa hakuna awezaye kuona kitu katika ukungu ule. Akizungumza mbele ya Baraza, maneno yake hayaingizwi katika kumbukumbu za kikao. Huingizwa katika daftari la hali ya hewa.

Hili la mwisho nisingeliamini kama nisingelishuhudia. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha wageni Baraza lilipokuwa likijadili ununuzi wa madebe zaidi, akaingia mwanamke wa makamo aliyevaa kanga mbili na buti za mpira, taa ya chemli inawaka mkononi. Jina lake, nilikuja kujua, ni Namkunda. Alisimama katikati ya ukumbi akasema kwa sauti ya kawaida kwamba mlima umekatika kwenye korongo la juu, udongo na magogo yameziba mto, na nyuma yake kuna ziwa linaloongezeka kila mvua inaponyesha.

"Siku litakapoachia," alisema, "litapita hapa mlipokaa."

Wajumbe walitazama dirishani. Karani alichovya kalamu akaandika, nami nilikuwa karibu kiasi cha kusoma: Ngurumo hafifu, kaskazini.

"Umeandika nini, mwanangu?" Namkunda alimuuliza.

Karani alimgeukia mwenzake akamuuliza kama anadhani itanyesha.

"Itanyesha," Namkunda alisema. "Na hicho kiti chako kitaelea vizuri, ni cha mti mwepesi."

Nilimfuata nje. Alinitazama kwa makini, hasa masikio.

"Wewe unanisikia?"

"Nakusikia."

"Basi wewe si wa hapa."

Aliniambia jambo lake bila kulizungusha. Ziwa halikumtisha yeye, kwa kuwa nyumba yake iko mlimani, juu zaidi ya ziwa. Lakini binti yake wa pekee, Nakiete, aliolewa mjini, na nyumba yake ni ya tatu kutoka darajani, mahali ambapo maji yangefika kwanza. Nakiete alikuwa na mtoto mchanga. Namkunda alikuwa ameshuka na taa yake mara nyingi, na kila mara alikuwa ameandikwa kama ngurumo, manyunyu au upepo wa wastani. Hakuja kuliokoa Baraza. Alimtaka binti yake atoke pale.

Nilimwambia kwamba siamini maneno ya mtu yeyote kuhusu ziwa mpaka nilipime. Alisema hilo ndilo neno la kwanza la maana alilolisikia tangu ashuke.

Kwenye njia ya kupanda Wingu kuna kituo, na kituoni kuna mlinzi, Kajiru, mwenye rafu iliyojaa taa. Alinikabidhi moja, akaiwasha yeye mwenyewe, akanionya nisiinue macho kutoka miguuni kwani huko mbele sitaona hatua mbili. Jua lilikuwa linatuchoma sote wawili. Nilimuuliza yeye mwenyewe anaona nini kule juu. Alifikiri kidogo, kisha akasema kazi yake ni taa.

Wingu ni mteremko mzuri unaotazama kusini. Kuna matuta ya viazi na maharage yaliyopangwa kwa ustadi, migomba, ng'ombe wachache, na nyumba nyingi kuliko nilivyotarajia. Anga lilikuwa safi. Kutoka uwanjani kwa Namkunda niliweza kuuona mji wote chini na kioo cha dirisha la Nyumba ya Ramani kikimeta. Ngozi ya shingo yangu iliungua, na siku ile jioni niliipaka mafuta ya kuungua jua niliyopewa na mwanamke ambaye kisheria alikuwa hajawahi kuliona jua.

Ziwa lilikuwepo. Nililipima kwa njia tatu, na njia zote zilikubaliana. Upande mmoja wa korongo ulikuwa umeporomoka na msitu wake, ukaziba mto kwa ukuta wa udongo, mawe na magogo yaliyolala ovyo. Maji yalikuwa yamebakiza kimo cha mtu mzima kufika juu ya ukuta. Lakini hilo silo lililonitia wasiwasi. Nilishuka chini ya ukuta kwa upande wa nje, nikaona mahali maji yalipokuwa yakipenya. Yangekuwa maangavu, ningesema ukuta unachuja na huenda ukadumu. Yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Maji yanayotoka na udongo yanakula ukuta kutoka ndani. Mvua moja kubwa ingetosha, na mawingu ya kweli, meusi, yalikuwa yameanza kujikusanya mashariki.

Tulishuka moja kwa moja hadi nyumbani kwa Nakiete. Alimkaribisha mama yake, akafunga mlango, na mlango ulipokwisha fungwa alianza kumsikia. Kanyika, mkuu wa kazi ya mto, ndiye aliyekuwa mumewe, naye alikuwapo. Alinyanyuka, akatusalimia huku akitazama ukuta, akaketi akiwa ametugeuzia mgongo.

"Mkwe wangu ana bahati," Namkunda aliniambia. "Adabu imemkataza kunitazama, na sheria imemkataza kunisikia. Hakuna mume mwingine aliyepata vyote viwili."

Mabega ya Kanyika yalitikisika kidogo. Nadhani alicheka.

Nilieleza nilichokipima. Nakiete alisikiliza mpaka mwisho huku akimnyonyesha mtoto. Alisema anaamini. Mama yake akamwambia basi afunge mizigo.

"Mama, nikipanda huko nitakuwa sipo," alisema. "Huyu atakuwa hajazaliwa. Ndoa yangu itakuwa haijafungwa. Kanyika ataitwa mtu aliyeishi peke yake akizungumza na ukungu."

"Utakuwa hai."

"Nani atajua?"

Namkunda aliomba ampakate mjukuu wake, akampakata, taa ikiwa imewekwa sakafuni kati yao. Kanyika, akiuambia ukuta, alisema kwamba mkuu wa kazi ya mto akiondoa familia yake kando ya mto, kikosi kizima kitaacha madebe, na mto utakauka mbele ya macho ya mpima mgeni. Alisema Baraza likitoa amri, atauhamisha mji mzima kwa siku moja. Watu anao na vikapu anavyo. Bila amri hawezi kuhamisha hata kuku.

Kwa hiyo nilikwenda kwa mtu anayeweza kuomba amri hiyo. Mtunza Ramani, Bwana Sengondo, ni mzee mwembamba mwenye kucha safi na lenzi inayoning'inia shingoni. Nilimkuta amesimama mbele ya kioo kama kawaida yake. Niliweka vipimo vyangu mezani. Alivisoma vyote, akarudia hesabu mbili kwa penseli, akasema ni kazi safi.

"Lakini umepima ndani ya wingu," aliongeza. "Hakuna Baraza litakalokubali kwamba uliona."

Nilimuuliza kama yeye mwenyewe anaamini kwamba kuna wingu.

"Mama yangu amezikwa huko. Tulimzika mchana, jua kali, watu wanafuta jasho. Mimi nilishika taa." Alipangusa lenzi kwa kitambaa. "Bwana Mpima, kila mtu hapa anamiliki alichonacho kwa sababu ya karatasi hii. Shamba hili la fulani, kisima kile cha ukoo fulani. Nikikubali kwamba imekosea mahali pamoja, kesho watagombana juu ya kila mstari. Nimeona watu wakikatana mapanga nchi ya jirani kwa ajili ya mfereji. Hapa hatujawahi. Wingu moja si gharama kubwa."

"Kwa aliye nje yake."

"Kwa aliye nje yake," alikubali.

Sipendi kujibu bila ushahidi. Nilirudi kwenye Ramani, kwa sababu nimezoea kusoma ramani mpaka mwisho, na nikagundua nilikuwa sijafanya hivyo. Nilikuwa nimelitazama doa jeupe kama kila mtu. Sasa niliufuata mto kuelekea kusini, nikafika palipokuwa na daraja, na soko, na jengo tulilosimama ndani yake. Kwenye Ramani palikuwa pa kijani. Msitu mnene. Nilipandisha macho hadi kwenye mgongo wa kilima cha mashariki, uitwao Kigongo, na huko juu kabisa, mbali na maji, nikakuta miraba midogo myeusi. Nilihesabu kumi na mmoja.

"Bwana Sengondo, mji uko wapi kwenye ramani hii?"

Aliiachia lenzi ikaning'inia. "Swali hilo halijawahi kuulizwa na mpima yeyote kabla yako."

"Basi walikuwa wapima wabaya."

"Walikuwa wageni wenye adabu." Kisha akafanya jambo ambalo bado naliheshimu: alifungua droo, akatoa karatasi ya kuitishia kikao cha dharura, akaisaini.

Mbele ya Baraza sikutaja ziwa. Sikutaja korongo, wala Wingu, wala binti ya mtu. Nilisema kwamba siwezi kuthibitisha Ramani kwa sababu nimekuta hitilafu moja, nikaitaja. Mji wa Mraba uko mahali pasipo pake. Sheria inautaka uwe Kigongo. Niliomba usahihishwe kabla sijasaini, na nikakaa.

Baadaye niliambiwa kwamba kila mtoto wa Mraba huligundua jambo hilo siku ya kwanza anapoonyeshwa Ramani, na huzabwa kofi dogo, na hilo huitwa malezi.

Mjadala ulikuwa wa kiwango cha juu. Mjumbe mmoja alipendekeza mji ubaki na Kigongo kiletwe chini kwa vikapu. Akajibiwa kwamba Ramani inakionyesha Kigongo nacho mahali pake, na hitilafu zingekuwa mbili. Mwingine, bibi mwenye sauti nzuri, alipendekeza Wingu lipanuliwe hadi lifunike mji, ili kwamba hitilafu isionekane. Hoja hiyo ilipendwa. Ilijadiliwa mpaka chai ikapoa, na ingepita kama mtu asingekumbusha kwamba kuanzia wakati huo hotuba zote za wajumbe zingeandikwa katika daftari la hali ya hewa. Ilishindwa kwa kura mbili.

Ikabaki sheria yenyewe. Katika Mraba, nyumba iko mahali mlango wake ulipo. Kwa hiyo iliamriwa kwamba milango yote ing'olewe na ipelekwe Kigongo pamoja na wenyewe, kesho asubuhi. Na kwamba mpima akishatia saini, Baraza litafikiria namna ya kuirejesha kimyakimya. Bwana Sengondo aliisoma amri hiyo bila kubadili uso. Kanyika alikuwa mlangoni. Aliondoka kabla mzee hajamaliza kusoma.

Alitimiza alichosema. Kufika saa tano asubuhi njia ya Kigongo ilikuwa msururu wa milango, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukiwa na miguu miwili chini yake. Watu walinung'unika kwa furaha, kama wanavyonung'unika wakiwa wamepewa kazi ya kipuuzi na siku ya kupumzika kwa wakati mmoja. Wapishi wa soko walipanda na sufuria zao. Mwalimu alipanda na watoto, akiwakumbusha kwamba kwa kuwa wao ni kisima wasitawanyike. Mlango wa Nakiete ulibebwa na Kanyika mwenyewe, wa kwanza kung'olewa, na Nakiete alipanda nyuma yake na mtoto mgongoni. Namkunda alikuwa amesimama kando ya njia na taa yake. Walimpita kama anavyopitwa mtu asiyekuwapo. Aliwahesabu watatu wakipita, akaizima taa, akafuata.

Mvua ilianza wakati milango ya mwisho inafika. Ilikuwa imeanza mapema zaidi kule juu. Alasiri hiyo tulisikia sauti kutoka kaskazini ambayo karani, kwa mazoea, aliigeukia akiwa ameshika kalamu, kisha asiiandike. Mto Yongo ulitokea kwenye korongo ukiwa na rangi ya udongo na msitu mzima juu yake. Ulilifuata bonde, ukalifikia daraja, na daraja halikuuchelewesha. Nyumba ya tatu kutoka darajani niliiona ikisimama kidogo katikati ya maji, bila mlango, kama mtu aliyefumbua mdomo. Halafu haikuwapo. Soko likafuata, kisha Baraza, kisha Nyumba ya Ramani. Ramani yenyewe ilikuwa mikononi mwa Bwana Sengondo, imeviringishwa ndani ya koti lake la mvua.

Hakuna mtu hata mmoja aliyepotea. Nilihakikisha kwa kupita kwenye kila kundi.

Kufika jioni Baraza lilikuwa limekwisha kukubaliana juu ya maana ya tukio lile. Ramani ilikuwa imeuokoa mji. Mababu waliochora miraba Kigongo walikuwa wameyaona maji haya tangu zamani, na asiyeamini atazame. Shukrani zilitolewa kwa Ramani, kwa Baraza na kwa mpima. Nilisimama nikasema kwamba tahadhari ilitoka kwa Namkunda wa Wingu, anayesimama pale. Karani aliandika: Upepo umetulia.

Kisha likaja suala la makazi, na hapo ndipo hesabu ilipokataa kusema uongo. Miraba ilikuwa kumi na mmoja, milango ilikuwa mamia. Kwa kuwa sheria ilikuwa imetukuzwa muda mfupi uliopita, hakuna aliyethubutu kuipuuza. Nafasi kumi na moja zilikwenda kwa wajumbe na maafisa. Waliobaki waliagizwa warudi bondeni, ambako Ramani inaonyesha msitu mnene na ambako kwa sasa palikuwa na matope mpaka kiunoni, wakasubiri uamuzi.

Watu walibaki wamesimama mvuani, kila mmoja amejikinga chini ya mlango wake. Nakiete ndiye aliyeanza. Alimwita mama yake, kwa sauti, mbele ya wote, bila mlango wowote uliofungwa.

"Mama, kule kwako inaruhusiwa kujenga?"

"Kule hakuna alama yoyote. Kisichochorwa hakikatazwi."

Kanyika aligeuka. Alimtazama mama mkwe wake usoni, jambo ambalo sidhani kama alikuwa amelifanya tangu siku ya posa. "Mama, nafasi ipo?"

"Ipo. Ila kule hakuna atakayekuona, mwanangu. Cheo chako kitaishia kituoni."

"Nimeonekana vya kutosha," Kanyika alisema, "nikimwaga maji mtoni." Akaunyanyua mlango, akauweka kichwani.

Kikosi cha madebe kilimfuata kwa mazoea. Wapishi walikifuata kikosi kwa kuwa kilikuwa na njaa. Mwalimu alisimama kidogo, akatazama miraba kumi na mmoja, akatazama watoto, akasema kisima kinahama.

Niliwakuta kituoni asubuhi yake nikiwa njiani kwenda kuwatazama. Kajiru alikuwa amegawa taa zote, na rafu ilikuwa tupu, na msururu wa milango ulikuwa bado haujaisha. Wale wa mbele walijaribu kumrudishia taa zao ili awape wa nyuma. Alizipokea chache, akaziwasha, akazitazama zikiwaka mchana kweupe. Kisha akazizima moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye rafu, akaung'oa mlango wa kituo.

Wiki kadhaa baadaye, Bwana Sengondo alinipokea Kigongo katika nyumba mpya iliyonuka mbao mbichi. Alikuwa ameitandaza Ramani mezani. Mlangoni kwake palikuwa na kimya cha nchi yenye nyumba kumi na moja, zisizopungua wala kuzidi. Bondeni miti ya kwanza ilikuwa inachipua penye soko la zamani. Mto ulikuwa kwenye mstari wake wa buluu, umejaa, bila msaada wa debe. Na kaskazini, kwa mujibu wa sheria, hapakuwa na kitu cha kuonekana.

Alinisogezea kalamu. Niliikagua Ramani mara ya mwisho kwa lenzi yake, kutoka ukingo hadi ukingo, nikitafuta hitilafu. Sikuipata hata moja.

"Ramani na nchi vinakubaliana," alisoma, polepole, kama mtu anayelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza. Kisha akageuka akatazama dirishani, juu, kwenye mteremko, ambako moshi wa majiko mapya ulikuwa ukipanda kutoka mahali pengi sana kwa wakati mmoja, mpaka kwa mbali ukafanana kabisa na wingu.

Nilitia saini. Ilikuwa kweli.